Picha za Mama Mkwe

Nilipoolewa Keroka mwaka 2007 nilikuta kompyuta imenitangulia nyumbani. Ilikaa sebuleni juu ya meza yake, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na hakuna mtoto wa boma aliyeigusa bila kunawa mikono. Mume wangu, ambaye hata mamake mzazi alimwita Mwalimu, aliitafutia nafasi kabla ya kununua kabati la vyombo. Ndani yake mlikuwa na Ubuntu 6.06, toleo la Juni 2006, na tangu hapo hajauacha mfumo huo. Matoleo yamebadilika, mashine zenyewe zimezeeka na kubadilishwa, lakini mfumo ni ule ule.

Ulimfikia kwa posta. Wakati huo nyaya za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS zilikuwa bado hazijafika Mombasa; tulizipata 2009. Kabla ya hapo intaneti yetu ilipitia setilaiti, na katika saiba za mji wa Kisii tulilipia kila dakika. Kushusha megabaiti 700 kwa njia hiyo kungemaliza mshahara wa mwalimu, na pengine faili ikatike katikati. Kampuni ya Canonical, yenye Ubuntu, ilikuwa na mpango wa kutuma sidii bure popote duniani, hata gharama ya posta hulipi. Mwalimu alijaza anwani yake, sanduku la posta, Kisii 40200, akaendelea na shughuli zake. Baada ya wiki kadhaa karani wa posta akamkabidhi bahasha yenye sidii. Mpango huo ulikomeshwa 2011, lakini sidii yetu bado iko kwenye droo ya hati za shamba.

Alipenda pia kuwasimulia watoto kwamba aliyetoa pesa za kuanzishia mfumo huo ni Mwafrika. Mark Shuttleworth alizaliwa Welkom, Afrika Kusini, mwaka 1973. Kampuni yake ya usalama wa intaneti, Thawte, aliiuza 1999 kwa dola milioni 575 za Marekani. Aprili 2002 akapanda chombo cha Warusi kwenda anga za juu, na Oktoba 2004 Ubuntu ya kwanza ikatoka. Watoto walipenda sehemu ya anga za juu. Mwalimu alipenda kwamba mtu mwenye pesa zote hizo aliamua kitu chake kitolewe bure na mtu yeyote aruhusiwe kukifungua, kukisoma na kukirekebisha.

Nyumba yetu iko upande wa Nyamira. Duka tunalonunulia sukari liko upande wa Kisii. Keroka ni mji uliokaa kwenye mpaka wa kaunti mbili, na mgeni hawezi kujua amevuka wapi. Nyuma ya nyumba kuna majani chai ya mama mkwe, na kompyuta ilipoingia bomani, majani hayo yaliingia pia ndani yake. Kila jioni mama mkwe alirudi kutoka kituo cha kununulia chai na risiti ya kilo zake, Mwalimu akaziandika kwenye jedwali. Bonasi ilipotangazwa, mama alijua anatarajia shilingi ngapi kabla hajafika kwa wakala.

Mama mkwe hakusoma Kiingereza. Alisoma Kiswahili na Ekegusii, hasa Biblia na kitabu cha nyimbo, kama wazee wengi wa Kiadventista wa huku. Mwalimu alikuwa amepata programu ya ofisi kwa Kiswahili, Jambo OpenOffice, kazi ya wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliyotoka 2004. Alimwekea mamake. Nakumbuka mama alivyovuta kiti, akasoma menyu moja baada ya nyingine kwa sauti, kidole kikigusa skrini, mpaka akafika mwisho. Kisha akamwambia mwanawe, "Hii sasa naweza kuiamini." Hakuwa mtu wa maneno mengi, na sisi tuliokuwepo tulijua amesema jambo kubwa.

Majirani nao walianza kuja, hasa Jumapili. Waliofanya kazi na mifumo mingine walizoea kila baada ya muda kumpelekea fundi mashine apige Windows upya, walipe, wapoteze nusu ya vitu vyao, halafu mzunguko uanze tena. Wengi wao walikuwa na nakala zisizo halali, zisizopata marekebisho ya usalama, na virusi vilizagaa kwa flashi kutoka saiba moja hadi nyingine. Kulikuwa na kirusi kimoja kilichoficha folda zote na kuacha njia za mkato tupu. Mwalimu mwenzake aliyekuwa akisomea shahada alikuja akitetemeka, flashi mkononi, tasnifu yake haionekani. Mume wangu aliichomeka, akabonyeza vitufe viwili kuonyesha faili zilizofichwa, na humo ndani kulikuwa na folda isiyo na jina lolote. Akaifungua. Sura zote za tasnifu zilikuwa zimekaa humo salama. Kirusi kile kiliandikwa kwa ajili ya Windows, na kwenye mashine yetu hakikuwa na la kufanya.

Sisemi kwamba miaka yote ilikuwa ya raha. Mwaka 2011 waliibadilisha sura ya skrini, wakaleta ile waliyoiita Unity, na vitu alivyozoea juu vikahamia pembeni. Kwa siku nyingi alikaa mbele ya mashine akiwa amekunja uso. Jirani alimshauri ahame. Hakuhama, alisoma mpaka akaielewa, na walipoiacha Unity mwaka 2017 na kurudi GNOME, iliyokuwepo kabla yake, alisoma tena. Mwaka huo huo mashine za zamani za biti 32 ziliachwa na Ubuntu ya kawaida, na ya kwetu ilikuwa mojawapo. Ile ya zamani aliiwekea Lubuntu, ndugu mwepesi wa mfumo ule ule, akawapa watoto. Yeye akanunua nyingine ya mtumba mjini Kisii.

Mimi nimefikiri sana kuhusu uaminifu huu, maana nimeishi nao. Watu huona mtu aliyeshikilia kitu kimoja miaka mingi, wakadhani anaogopa kipya. Mwalimu hakuogopa. Alitaka kujua kitu kwa undani kiasi kwamba kikiharibika usiku, mbali na fundi, yeye atajua pa kushika. Ujuzi wa namna hiyo hauji kwa kuhamahama. Nimeuona ukifanya kazi, na niliuona mwezi wa Aprili 2019, tulipofiwa na mama mkwe.

Alilala usingizi wa mwisho katika mvua za masika. Mazishi yakapangwa Ijumaa, kwa sababu kwetu Sabato huanza jua likitua na hakuna anayezika Jumamosi. Jumatano boma lilikuwa limejaa. Mahema yalikuwa yamesimamishwa, viti vimekodishwa pamoja na jenereta, na akina mama walikuwa nyuma ya nyumba wakichambua mboga za chinsaga na kukoroga uji wa wimbi kwenye sufuria kubwa. Mume wangu alikwenda Kisii kushughulikia mambo ya mochari. Aliniachia maagizo kuhusu chakula cha wazee, akamwachia mdogo wake kazi ya kuchapisha programu ya mazishi.

Shemeji yangu ni mtu mwema, nataka hilo lieleweke kabla sijaendelea. Anafanya kazi Nairobi, na ndiye aliyelipia sehemu kubwa ya jeneza. Alikuwa ameazima printa ya kanisa. Akaiunganisha na kompyuta ya sebuleni, ikagoma, maana printa ile ilitaka programu yake maalum na kwenye Ubuntu haikuwepo. Akajaribu, akachoka, wageni wakimwita huku na huku. Mfukoni alikuwa na flashi yenye Windows 10. Akaona ataweka mfumo huo haraka, achapishe, kaka akirudi akute kazi imekwisha.

Diski ya Mwalimu ilikuwa imegawanywa sehemu mbili: moja ya mfumo, nyingine ya vitu vyetu. Shemeji aliifuta ya kwanza, akaweka Windows juu yake. Mfumo ulipowaka, ukakuta ile sehemu ya pili. Windows haisomi mpangilio wa diski wa Linux. Huiona sehemu hiyo kama kitu isichokijua, na huweza kuuliza kama unataka ifomatiwe. Shemeji akajibu ndiyo. Kwa macho yake ilikuwa nafasi tupu.

Mle ndani mlikuwa na wasifu wa marehemu aliokuwa ameandika Mwalimu, majedwali ya chai ya miaka kumi na zaidi, na picha zote za ukoo tangu kamera yetu ya kwanza. Mlikuwa pia na sauti. Mwaka mmoja, likizo ya Agosti, Mwalimu alimketisha mamake jioni baada ya jioni, akamrekodi akisimulia alikozaliwa, jinsi alivyoolewa, waliotangulia na walikozikwa. Tulikuwa na diski ya nje ya akiba, lakini radi ya Novemba iliipata ikiwa imechomekwa, ikafa. Wanaoishi nyanda hizi wanajua: hewa yenye unyevu wa Ziwa Viktoria hupanda milima yetu mchana, na alasiri mbingu hupasuka. Diski mpya ilikuwa inasubiri bonasi ya chai.

Mwalimu alirudi giza likiingia, amelowa. Binti yetu alimlaki mlangoni. "Tata, picha za Magokoro hazipo," akasema, maana ndivyo alivyomwita nyanya yake. Niliogopa. Ndugu wawili wamefiwa na mama, boma limejaa wazee, na jambo kama hilo limetokea katikati yao. Mume wangu alisimama mbele ya skrini, akaitazama, kisha akamgeukia mdogo wake na kumuuliza swali moja tu.

"Tangu uifomati, umehifadhi chochote humo?"

"Hapana, kaka."

Akainama, akachomoa waya wa stima ukutani. Akasema mtu asiiguse. Baadaye alinieleza sababu. Kufomati kwa haraka hakufuti vilivyomo. Hufuta orodha tu, kama mtu aliyechana ukurasa wa yaliyomo na kuacha sura zote za kitabu. Vitu vinabaki kwenye diski mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Kila dakika ambayo Windows ingeendelea kuwaka ilikuwa hatari, kwa sababu mfumo wowote uliowaka huandika mambo yake huku na kule.

Alikuwa na flashi ya Ubuntu 18.04, inayoweza kuwaka yenyewe bila kugusa diski ya mashine. Mwalimu mwenzake, yule wa tasnifu, akatoka mbio kwenye mvua kwenda kwake kuleta diski ya nje iliyo tupu, maana kanuni ya kwanza ya kazi hii ni kutorudisha vitu kwenye diski ile ile unayovitoa. Binti akawasha intaneti ya simu. Mwalimu akashusha programu iitwayo PhotoRec, ambayo mwandishi wake, Christophe Grenier, huitoa bure. Haijali orodha ya faili. Hupita diskini kipande kwa kipande ikitafuta alama za mwanzo wa picha, wa sauti, wa waraka, na inachokitambua inakitoa.

Kisha stima ikapotea kote Keroka.

Jenereta ilikuwa ya mahema, ya taa na vipaza sauti vya kwaya. Shemeji alikwenda mwenyewe kwa wazee, akasimama mbele yao, akaeleza alichofanya na kinachohitajika. Mzee mmoja, ndugu wa marehemu baba mkwe, akauliza kama sauti ya mama imo humo. Akaambiwa imo. Akasema, "Basi zimeni spika. Tutaimba kwa vinywa." Waya ukavutwa kutoka kwenye hema hadi sebuleni, na usiku ule kwaya iliimba bila kipaza sauti ili petroli itoshe. Sikuwahi kusikia nyimbo zile zikiimbwa vizuri namna ile. Shemeji alikaa kando ya kaka yake hadi alfajiri, wakitazama namba zikipanda, na mara moja nilipowapelekea uji nilikuta amemwegemea bega.

PhotoRec hairudishi majina. Alhamisi asubuhi tulikuwa na folda na folda za faili zilizoitwa herufi moja na tarakimu nyingi, na ndani yake picha za ukoo zimechanganyika na vijipicha vya kila ukurasa wa intaneti tuliowahi kufungua. Maelfu. Mwalimu akazipanga kwa tarehe, kwa kuwa picha ya kamera hubeba ndani yake siku iliyopigwa, na vile vijipicha vikabaki upande wao. Zilizosalia tulizigawana. Shangazi zangu wa ndoa walivuta viti, wakavaa miwani, wakawa wanatambua watu. Huyu ni nani? Ni yule wa Nyansiongo, kabla hajanenepa. Hapa ni wapi? Ni Manga, siku ya harusi, tazama mwamba nyuma. Walicheka, wakalia, wakacheka tena. Picha ya mama mkwe akichuma chai, kikapu mgongoni, ametazama kamera moja kwa moja, ilipatikana karibu na saa sita mchana, na hakuna aliyebishana kwamba hiyo ndiyo itakaa kwenye jalada la programu ya mazishi.

Wasifu nao ulipatikana, pamoja na rasimu zake za zamani. Jambo lililotushtua lilitoka kwenye sauti. Mwalimu alikuwa amevaa vipokea sauti, anakagua kama rekodi ni nzima, mara akavivua na kuiachia sauti sebuleni. Mama mkwe alikuwa anawataja watoto wake. Kwenye wasifu walikuwa saba. Yeye alitaja wanane. Kati ya wa pili na wa tatu alimtaja msichana, akasema aliugua surua na hakumaliza mwaka, akataja na mahali alipozikwa, karibu na mparachichi ambao siku hizi haupo. Mume wangu alikuwa amerekodi maneno hayo miaka mingi nyuma na yalikuwa yamempita katikati ya mengine. Shangazi mkubwa akasema ni kweli, alimbeba mtoto yule mgongoni.

Jina lile likaingizwa kwenye wasifu, mahali pake, kati ya wa pili na wa tatu. Programu ikageuzwa PDF, ikatiwa kwenye flashi, kijana akatumwa upande wa Kisii kwenye duka la kuchapisha, na saa moja baadaye akarudi na nakala zimefungwa kwa nailoni zisilowe. Hiyo printa ya kanisa haikuhitajika. Ijumaa, msomaji wa wasifu alipofika kwenye jina la mtoto yule, mzee aliyeamuru spika zizimwe aliinua mkono akamwomba alisome mara ya pili.

Baada ya mazishi Mwalimu aliirudisha Ubuntu kwenye diski. Diski ya nje tuliyoazima tuliinunua kutoka kwa mwenyewe, na nyingine ikanunuliwa bonasi ilipoingia. Moja inakaa kwetu, nyingine inakaa kwa dada yake mume wangu mjini Nyamira, ili radi ikija isizikute pamoja.

Shemeji aliendelea na Windows yake Nairobi, na hakuna aliyemlaumu; kazi yake inaitaka. Lakini tarehe 14 Oktoba 2025 Windows 10 ilifikia mwisho wa msaada wake wa kawaida, na laptopu yake ya nyumbani haikukubali Windows 11, ambayo inadai kifaa cha usalama cha TPM 2.0 na prosesa za miaka ya karibuni. Alikuja nayo Keroka. Mwalimu alimtaka kwanza anakili kila kitu kwenye diski mbili, akakaa akahakikisha zinafunguka, ndipo akamwekea Ubuntu 24.04, ambayo itaendelea kupata marekebisho ya usalama hadi 2029.

Mashine za namna hiyo ziko katika nyumba nyingi za Kisii na Nyamira, zimefunikwa vitambaa, zinaitwa mbovu ilhali nzima. Kabla hujamwachia mtu aifomati ya kwenu, au kuiuza kwa bei ya chuma chakavu, keti mbele yake jioni moja. Toa picha za wazee wako na sauti zao, uziweke mahali pawili, na usikilize rekodi hadi mwisho.